Kuchagua barua pepe na programu ya kuisomea: mwongozo kamili kwa watu wa Nyanda za Juu Kusini

Mwulize kijana yeyote wa Uyole anatumia barua pepe gani, atakuonyesha ikoni kwenye simu yake na kusema, "Hii hapa, Gmail." Jibu hilo limebeba vitu viwili. Kuna huduma inayotunza barua zako kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni zinazowaka muda wote, na kuna programu unayofungulia barua hizo. Namba yako ya S.L.P. ipo Posta, na barua hukaa huko hadi mtu aende kuzichukua. Leo unaweza kwenda mwenyewe, kesho ukamtuma karani, na namba ya sanduku ikabaki ile ile. Gmail, Outlook.com, Yahoo, Proton na Zoho ni masanduku. Thunderbird, Apple Mail na programu ya Outlook ni wachukuzi. Kinachochanganya watu ni kwamba kampuni nyingi hutoa vyote viwili kwa jina moja.

Anza na sanduku, mchukuzi atafuata. Ukikosea programu, unaiondoa na kuweka nyingine jioni hiyo hiyo. Ukikosea anwani, tayari umeiandika Ajira Portal ya serikali, bodi ya mikopo ya HESLB, BRELA wanaosajili kampuni, benki, na kwa mnunuzi wa kahawa aliye ng'ambo. Kuifuatilia kote huko ni kazi ya miezi.

Hatua ya 1: Jua anwani hii ni ya nani

Anwani ya mtu binafsi na anwani ya ofisi ni vitu viwili. Mhitimu wa chuo kikuu cha MUST anayetafuta kazi anahitaji anwani yake peke yake, itakayodumu miaka ishirini. Chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa Mbozi kinahitaji anwani itakayobaki kwenye chama hata katibu akibadilishwa. Mwenye nyumba ya wageni Iringa, anayepokea watalii wa Ruaha, anahitaji anwani inayoweza kusomwa na watu wawili watatu bila kugombania simu moja.

Kama wewe ni mtu binafsi, fuata hatua ya 2 na ya 3, kisha ruka hadi ya 5. Ofisi, chama, shule na kampuni zisome zote.

Hatua ya 2: Chagua huduma

Kwa watu wengi wa huku ninapendekeza Gmail au Outlook.com. Zote mbili ni bure, zinafunguka kwenye programu karibu yoyote, na zinachuja ulaghai vizuri. Kila moja inatoa GB 15. Ila ujue kwamba GB 15 za Google ni za barua, picha na mafaili ya Drive kwa pamoja. Simu iliyowekwa ihifadhi picha zote za harusi na za shamba kwenye akaunti hiyo itaijaza, na ikijaa, barua mpya hazipokelewi. Mwenye akaunti anabaki akidhani hakuna aliyemwandikia. Zima uhifadhi wa picha kwenye akaunti unayoombea kazi, au fungua akaunti nyingine kwa ajili ya picha.

Yahoo bado inafanya kazi, na wazee wengi wa ofisi wanayo. Mwaka 2013 ilivamiwa, na baadaye kampuni yenyewe ikakiri kwamba akaunti zake zote, takriban bilioni 3, ziliguswa. Kama unayo tangu enzi hizo na hujawahi kubadilisha nywila, ibadilishe leo. Kuanza upya na Yahoo mwaka huu sioni sababu.

Proton Mail ya Uswisi na Tuta ya Ujerumani zinafunga barua kwa namna ambayo hata kampuni yenyewe haiwezi kuzisoma zikiwa zimetunzwa. Ni chaguo zuri kwa mwandishi wa habari, mwanasheria, au mtu anayeshughulikia mashauri ya ukatili wa kijinsia. Unachopoteza ni urahisi wa kutumia. Akaunti ya bure ni ndogo, GB 1. Proton ikitakiwa kufunguka kwenye Thunderbird inahitaji programu ya kati inayopatikana kwa wanaolipia tu. Tuta haifunguki kwenye programu za wengine kabisa, ina programu zake. Kama barua zako ni za kuomba kazi na kupokea ankara, hujapungukiwa kitu ukiziacha zote mbili.

Kuhusu jina, tumia majina yaliyo kwenye vyeti na kitambulisho chako cha taifa. Usiweke mwaka wa kuzaliwa, maana unawapa wezi jibu la mojawapo ya maswali ya usalama. Kama jina limeshachukuliwa, ongeza herufi ya jina la babu au jina la fani yako. Kumbuka pia kuwa Gmail haitofautishi nukta: ukiandika jina lako likiwa na nukta katikati au bila nukta, barua inafika kwenye akaunti moja.

Hatua ya 3: Shika funguo mwenyewe

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wetu wanapoumia.

Anwani nyingi za Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe zimezaliwa steshenari. Kijana anakwenda kuomba kazi au mkopo wa chuo, hana barua pepe, basi mhudumu anamfungulia. Mhudumu ana foleni ya watu kumi, kwa hiyo anaweka nywila anayoijua yeye, na namba ya simu ya kurejeshea akaunti anaweka ya kwake. Hana nia mbaya. Lakini baada ya miezi mitatu mwito wa usaili unakuja, kijana hakumbuki nywila, na namba ya kuthibitishia inakwenda kwenye simu ya mhudumu ambaye ameshahamia Tunduma. Hali ni hiyo hiyo kwa simu mpya. Muuzaji anafungua akaunti ya Google pale pale dukani ili simu iwake, na mnunuzi anaondoka na sanduku ambalo hajui hata jina lake.

Kwa hiyo fungua akaunti kwenye simu yako, kwa mkono wako. Kama huna simu janja, kaa kwenye kiti cha steshenari na uandike nywila wewe, mhudumu akiangalia pembeni. Kisha fanya haya kabla hujaondoka:

Weka namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako na alama zako za vidole. Laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha shemeji itakupa shida siku simu ikipotea, kwa sababu kurenyu laini kunahitaji kidole cha mwenye usajili. Laini uliyoitelekeza nayo inaweza kufungwa na namba hiyo akapewa mtu mwingine, na huyo ndiye atakayekuwa anapokea namba zako za siri. Kila ukibadilisha laini, badilisha na kwenye akaunti siku hiyo hiyo.

Weka anwani ya pili ya kurejeshea, ya mtu unayemwamini kabisa au ya kwako nyingine.

Washa uthibitisho wa hatua mbili. Ukiwa maeneo ambayo ujumbe mfupi unachelewa kufika, kama mabonde ya Ludewa au Makete, tumia programu ya uthibitisho inayotengeneza namba ndani ya simu yenyewe, kwani haihitaji mtandao. Google pia hukupa namba 10 za akiba, kila moja ya kutumika mara moja. Ziandike kwenye karatasi, uziweke kwenye bahasha ya vyeti vyako. Usizipige picha na kuziacha kwenye simu ile ile ambayo ndiyo inaweza kuibiwa.

Ukitumia kompyuta ya steshenari baadaye, fungua dirisha la faragha la kivinjari na utoke kwenye akaunti ukimaliza. Umesahau kutoka? Ingia kwenye simu yako, nenda sehemu ya usalama, angalia orodha ya vifaa, ukiondoe kile kifaa.

Hatua ya 4: Kwa ofisi, nunua kikoa

Kikoa ni jina la mtandaoni la taasisi, lile linalofuata alama ya @ kwenye anwani. Mnunuzi wa parachichi aliye Uholanzi akipokea ankara kutoka anwani ya bure, hana namna ya kujua kama ni kampuni ya Njombe au ni tapeli. Kikoa cha .co.tz kwa biashara, .or.tz kwa asasi na .ac.tz kwa vyuo kinamwambia upo wapi. Vikoa vya .tz huuzwa na wasajili waliosajiliwa nchini na hulipiwa kila mwaka. Kisajili kwa jina la taasisi, kwa anwani na simu za taasisi. Kamwe kisiwe kwa jina la fundi aliyekutengenezea tovuti. Mkikosana na fundi huyo, au akihama, kikoa kinaondoka naye pamoja na barua zote.

Kisha chagua nani atatunza barua. Google Workspace na Microsoft 365 hulipiwa kwa kila mtumiaji kwa mwezi, na ndizo zenye utulivu zaidi. Zoho ina ngazi za bei nafuu zinazotosha ofisi ndogo. Njia ya nne ni barua pepe inayokuja bure na nafasi ya tovuti. Hiyo naikubali kwa shingo upande: mara nyingi nafasi ni ndogo, na seva inatumiwa na wateja wengi. Mmoja wao akituma barua taka, barua zenu nanyi zinaanza kuangukia kwenye taka za wenzenu.

Yeyote utakayemchagua, mwambie fundi aweke rekodi tatu kwenye kikoa: SPF, DKIM na DMARC. SPF inataja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lenu. DKIM inaweka sahihi kwenye kila barua. DMARC inaieleza seva ya mpokeaji ifanye nini barua isipofuzu. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanataka kila mtumaji awe na angalau SPF au DKIM, na anayetuma barua nyingi awe na zote tatu. Usiilipe kazi hii kabla hujatuma barua ya majaribio kwa Gmail na kwa Outlook.com na kuiona imeingia kwenye kikasha, siyo kwenye taka.

Majina ya anwani yafuate kazi, yasifuate watu: katibu, mhasibu, mauzo, mapokezi. Uongozi wa ushirika hubadilika kwa uchaguzi, na katibu mpya anapaswa kukuta mazungumzo yote ya msimu uliopita na mnunuzi. Siku ya makabidhiano nywila ibadilishwe na vifaa vya zamani viondolewe, kikao hicho hicho kinapopokea mihuri na vitabu vya hundi. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaidai taasisi itunze vizuri taarifa za watu ilizonazo. Orodha ya wanachama yenye namba za simu na akaunti za benki, iliyobaki kwenye barua pepe binafsi ya kiongozi aliyeondoka, haijatunzwa.

Hatua ya 5: Elewa IMAP na POP3, halafu chagua IMAP

Programu huchukua barua kwa moja ya njia hizi. POP3 hupakua barua kwenye kompyuta, na mara nyingi huzifuta kwenye seva. IMAP huziacha kwenye seva na kuweka nakala kwenye kompyuta. Ukisoma barua kwenye simu, kwenye kompyuta inaonekana imesomwa, na ukiifuta huku inafutika na kule.

Kwa mtu mwenye simu na kompyuta, IMAP ndiyo njia. POP3 ina nafasi moja tu ninayoikubali, sanduku dogo la ofisi linalojaa haraka, na hapo lazima uwe na diski ya nje ya kuweka nakala, kwa sababu kompyuta ikiungua kwa umeme uliorudi kwa kishindo, barua zimekwenda.

Ukiulizwa namba za bandari (port), yaani milango ambayo programu hupitia kwenye seva, IMAP salama ni 993, POP3 salama ni 995, na kutuma kwa SMTP ni 465 au 587. Ukiona fundi ameweka 110 au 143 bila usimbaji (kuficha data njiani), mwambie arekebishe. Nywila yako inapita wazi kwenye waifai ya hoteli.

Hatua ya 6: Chagua programu

Anayeandika barua mbili tatu kwa mwezi atumie programu ya Gmail au Outlook ya kwenye simu, aishie hapo. Programu ya kompyuta ina maana kwako ukiwa na akaunti zaidi ya moja, ukitafuta barua za zamani mara kwa mara, au ukifanya kazi mahali ambapo mtandao unakuja na kuondoka.

Kwa kompyuta, chaguo langu la kwanza ni Thunderbird. Ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na inafungua akaunti za kampuni karibu zote kwa usawa. Tangu Oktoba 2024 ipo pia kwa simu za Android, ikiwa imejengwa juu ya programu ya zamani ya K-9 Mail.

Programu ya Barua iliyokuwa ndani ya Windows imefikia mwisho, Microsoft iliacha kuihudumia 31 Desemba 2024, na wengi wamejikuta kwenye Outlook mpya bila kuichagua. Outlook mpya inafaa kwa ofisi iliyolipia Microsoft 365. Ila ukiiunganisha na akaunti ya kampuni nyingine, barua hizo hupitia na kunakiliwa kwenye seva za Microsoft. Anayetunza mambo ya siri ya wateja ajue hilo kabla ya kubonyeza kukubali. Wenye Mac na iPhone, Apple Mail inawatosha. Kwa kompyuta kongwe yenye RAM ndogo inayotumia Linux, jaribu Claws Mail, ni nyepesi sana.

Kuiunganisha Thunderbird ni hivi. Ipakue kwenye tovuti yake yenyewe, siyo kwa flashi ya mtu. Ifungue, andika jina lako kama unavyotaka lionekane kwa mpokeaji, kisha anwani. Kwa Gmail na Outlook.com itatafuta mipangilio yenyewe na kufungua dirisha la kuingia la kampuni husika. Ingia humo na uthibitishe kwa simu. Programu ya zamani inayotaka nywila yako ya kawaida tu bila kufungua dirisha hilo haitakubaliwa na Google. Usihangaike nayo, weka mpya. Kwa kikoa cha ofisi, fundi akupe jina la seva ya kupokea, la kutuma, na bandari. Chagua IMAP panapoulizwa.

Hatua ya 7: Ipange iendane na bando na umeme

Usiunganishe akaunti kwa mara ya kwanza ukiwa na bando la siku. Thunderbird ikiachwa bila kupangwa huanza kupakua barua zote, na sanduku la GB kadhaa litameza bando lako lote kabla hujamaliza chai. Fanya hivi mapema, kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya usawazishaji na hifadhi: chagua barua za siku 30 za mwisho tu, na uweke kikomo cha ukubwa ili barua nzito zisipakuliwe hadi uzifungue. Kawaida hukagua barua mpya kila dakika 10. Peleka hadi 30, au uzime kabisa ukawa unabonyeza mwenyewe. Picha zilizo ndani ya barua kutoka nje zimezuiwa tayari. Ziache hivyo, zinaokoa MB na zinamnyima mtumaji kujua umesoma saa ngapi.

Kwenye Windows, ingia mipangilio ya waifai na uitaje simu unayojiunganishia kama muunganisho wenye kipimo (metered connection). Hiyo inazuia masasisho makubwa yasijipakue nyuma ya pazia.

Faida kubwa ya programu utaiona umeme ukikatika Tukuyu jioni ya mvua na mnara nao ukalegea. Barua za siku 30 zipo kwenye kompyuta. Bonyeza alama ndogo kwenye kona ya chini kushoto, programu inakaa nje ya mtandao. Soma, jibu, andika ankara kwa betri iliyobaki, ukituma zinasubiri kwenye kisanduku cha kutoka. Asubuhi ukipata mtandao, bonyeza alama ile ile, zote zinaondoka kwa mkupuo.

Kuhusu viambatisho, Gmail inasema kikomo ni MB 25, lakini faili linaposafirishwa kwa barua pepe hugeuzwa kuwa herufi na kuongezeka kwa karibu theluthi moja. Kwa vitendo hesabu MB 18. Cheti kilichoskaniwa kwa rangi kwa ubora wa juu kinaweza kufika MB kadhaa. Mwambie mhudumu wa steshenari askani kwa nukta 150 hadi 200 kwa inchi na kuweka kwenye PDF moja, kitasomeka vizuri na kitakuwa chepesi. Picha za zao zipunguzwe ukubwa kabla ya kutumwa. Mafaili mazito kweli yaweke Drive au OneDrive na utume kiungo.

Mara kwa mara iagize Thunderbird ibane makabrasha, kwani barua ulizofuta huendelea kukalia nafasi kwenye diski hadi ufanye hivyo.

Hatua ya 8: Hama polepole

Kama una anwani ya zamani, iunganishe kwenye Thunderbird pamoja na mpya, kisha kokota makabrasha unayoyataka kutoka ya zamani kwenda mpya. Akaunti zote zikiwa za IMAP, barua zinanakiliwa hadi kwenye seva mpya. Fanya hivyo kwenye waifai ya ofisi au chuo, kabrasha moja baada ya jingine.

Badilisha anwani kwanza kwenye benki, kisha Ajira Portal na HESLB, kisha BRELA na TRA, halafu kwa watu. Ya zamani iendelee kuwa hai mwaka mzima, ikisukuma barua kwenda mpya kama huduma inaruhusu. Uingie mara moja moja, kwa sababu Google wanaweza kufuta akaunti isiyotumika kwa miaka 2, na Yahoo husubiri miezi 12 tu.

Kipindi cha kuhama ndicho matapeli hukipenda. Wauzaji wa mazao nje wachukue tahadhari hasa: anayekuandikia kwamba "akaunti yetu ya benki imebadilika" mpigie simu kwa namba uliyokuwa nayo zamani, siyo iliyo kwenye barua hiyo. Programu nyingi za simu huonyesha jina la mtumaji na kuficha anwani, hivyo bonyeza jina, soma anwani herufi kwa herufi. Herufi moja tu ikizidi, pesa ya msimu mzima inakwenda kwa mtu asiyejulikana. Nanyi waambieni wanunuzi wenu mapema, kwa simu, kwamba hamtabadilisha akaunti ya benki kwa barua pepe.

Hatua ya 9: Ijaribu kabla ya kuitegemea

Jitumie barua kutoka huduma nyingine, ikiwa na PDF, na uijibu. Zima data, uone kama barua za jana bado zinafunguka. Toka kwenye akaunti kwa makusudi, ujifanye umesahau nywila, ufuate njia ya kurejesha hadi mwisho ukiwa na simu yako na karatasi ya namba za akiba mkononi. Ikigoma, rudi hatua ya 3 na urekebishe wakati bado umeingia kwenye kifaa kingine. Ikikubali, andika anwani hiyo kwenye wasifu wako au kwenye muhuri wa ofisi, uanze kuigawa.